Jinsi ya kuficha madoa meusi miguuni kabla hujavaa gauni fupi

Wateja wangu wengi uso hauwasumbui, miguu ndo shida. Alama za kung'atwa na mbu, vipele vilivyokunwa mpaka vikaacha weusi, makovu ya kunyoa, basi mtu anachukua konsila ya usoni (krimu ya kufichia madoa), ile ya rangi nyepesi, anaibandika juu ya doa halafu anashangaa panatoka kijivu kama majivu. Doa jeusi lina ubuluu ndani yake, ukiliwekea rangi nyepesi moja kwa moja zinachanganyika tu, doa haliondoki. Kwanza unaua rangi ya doa, ndo unafunika. Ukishika hilo, zilizobaki ni mikono tu.

Andaa korekta (krimu ya rangi ya kuua rangi ya doa), fandesheni nzito ya krimu isiyotoka kwa maji, poda laini isiyo na rangi, sprei ya kushikisha mekapu, sponji na kabrashi kadogo bapa.

Hatua ya 1: Anza usiku wa jana yake. Sugua miguu kwa skrabu laini, na kama unanyoa nyoa usiku huohuo, sio asubuhi ya shughuli, maana ngozi iliyotoka kunyolewa inawasha na rangi inaingia kwenye vitundu vya vinyweleo inabaki vidoti vidoti. Penye kidonda kibichi au kigaga usipake kitu kabisa, na usikibandue hicho kigaga ili pawe laini, hivo ndo madoa mapya yanavyozaliwa.

Hatua ya 2: Losheni nyepesi, sio mafuta ya mgando. Ngozi ya ugoko inakauka haraka, bila losheni fandesheni inakatika magamba, ila mafuta mazito nayo yanaifanya iteleze. Subiri kama dakika 10, bonyeza tishu, ikinyanyuka na mafuta bado hujawa tayari. Kama ni mchana weka na sanskrini (krimu ya kukinga jua) ya SPF 30 kwenda juu, jua linazidisha weusi wa haya madoa.

Hatua ya 3: Korekta, hapa usiwe na haraka. Ngozi nyeusi sana inataka rangi ya chungwa iliyokolea inayoelekea nyekundu, maji ya kunde chungwa ya kawaida, ngozi nyeupe ni pichi. Wewe mweusi ukitumia pichi utarudi kwenye kijivu kilekile. Alama ambayo bado nyekundu kwenye ngozi nyeupe inazimwa na kijani, na alama ya zambarau, njano inasaidia. Chukua kidogo sana kwa brashi, weka juu ya doa tu usivuke kingo, halafu gonga gonga kwa ncha ya kidole, joto la kidole linailainisha inashika vizuri. Doa likigeuka kahawia la kawaida acha hapo. Ukiona chungwa inakodoa macho, umezidisha, punguza kwa sponji safi.

Mwenye mabaka meupe au kovu lililopauka aruke hii hatua, yeye anahitaji tu fandesheni ya rangi ya ngozi inayolizunguka baka, tabaka jembamba mara mbili au tatu.

Hatua ya 4: Fandesheni. Rangi ijaribu mguuni, kwenye mwanga wa dirishani, kwa sababu miguu ya watu wengi haifanani rangi na uso na shedi ya usoni inaweza kukuumbua. Gonga kwa sponji, usiburute, ukiburuta unaihamisha korekta yote uliyoweka. Tabaka jembamba, subiri ishike, ongeza lingine pale tu panapoonekana bado. Madoa yakiwa kibao usihangaike na moja moja, korekta weka kwenye madoa, fandesheni gonga mguu mzima mpaka juu ya wayo, la sivyo mguu utakuwa na mpaka. Goti lipake likiwa limekunjwa kidogo na uweke kiduchu, hapo ndo panapasukaga ukikaa.

Hatua ya 5: Bonyeza poda juu yake, acha kama dakika 5, pukuta kwa brashi laini. Sprei piga kwa mbali kidogo, ikauke yenyewe ndo uvae. Kabla hujatoka bonyeza kitambaa cheupe mguuni, kikichafuka ongeza poda, na hata hivo mi nakushauri usipandishe miguu kwenye kochi jeupe la watu. Jipige pia picha moja ya flashi, kuna poda zinatoa weupe kwenye flashi ambao kwa macho huuoni. Ukitoka jasho gonga na tishu, usifute.

Kuna madoa ya kupeleka kwa daktari kabla ya mekapu: ukahawia karibu na vifundo unaokuja na uvimbe, doa linalobadilika umbo au rangi, na kidonda kisichopona.

Kutoa: usianze na maji. Paka mafuta ya kutolea mekapu au ya mtoto, zungusha taratibu mpaka rangi iyeyuke, futa kwa kitambaa laini, ndo uoge na sabuni na upake losheni. Usilale nayo, na usiikwangue kwa dodoki hata kama umechoka.