Mimea ya Ndani Inayofaa Dodoma

Ukitaka kuijaza nyumba yako mimea hapa Dodoma, ambako mvua hunyesha takribani kuanzia Desemba hadi Aprili na miezi inayobaki huwa ya ukavu na upepo wa vumbi, anza na mimea inayojihifadhia maji, kama vile mshubiri au zamiokulkasi, mmea wa majani mazito yanayong'aa, ambao asili yake ni huku huku Afrika Mashariki ingawa wauzaji huinadi kana kwamba ni ua la ng'ambo.

Kinachoua mimea mingi ya ndani si kiu, bali ni maji ya kupita kiasi. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili, na ukihisi unyevu, acha. Chungu kiwe na matundu chini, na maji yanayotuama kwenye kisahani yamwagwe.

Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi, nayo huacha ukoko mweupe juu ya udongo na kukausha ncha za majani zikawa za kahawia. Ukiuona ukoko huo, ukwangue, kisha mimina maji mengi polepole mpaka yatiririke chini kwa muda. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni bora zaidi, hivyo jaza ndoo kadhaa wakati wa masika. Vumbi la kiangazi nalo lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu jani lililofunikwa na vumbi halipati mwanga wa kutosha.