Somo: Beseni ndani ya sinki, lina faida au linakula nafasi tu?

Leo tuongelee beseni la kuoshea vyombo linalowekwa ndani ya sinki. Wapo wanaoona ni kichekesho: umemlipa fundi, umewekewa sinki la kung'aa, halafu unatumbukiza beseni la plastiki humo kana kwamba bado unaoshea vyombo uani. Mimi niko upande wa beseni, ila kwa sharti moja ambalo wengi hawalitimizi. Nitalifikia kwenye hatua ya mwisho.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu huu ni ubishi mtupu. Chukua ndoo ya lita 20, iweke chini ya bomba la jikoni, fungua kama unavyofungua siku zote ukiosha vyombo, kisha tazama saa. Ikijaa kwa dakika mbili, bomba lako linatoa lita 10 kwa dakika. Vyombo vya familia baada ya chakula cha usiku humaliza robo saa bila shida. Bomba likiwa wazi muda wote huo, zimekwenda lita 150, yaani ndoo saba na nusu. Beseni la wastani linabeba lita 8 hadi 10. Tumia moja la sabuni na moja la kusuuza, badilisha maji yote mara moja katikati, bado hujavuka lita 40. Tofauti ya lita 110 kila usiku ni zaidi ya uniti tatu kwa mwezi (uniti moja ya maji ni lita 1,000), na vyombo vya chai ya asubuhi hatujavigusa. Kwa anayeishi kwenye mgao, bili ndiyo shida ndogo. Shida kubwa ni tangi kukauka siku mbili kabla maji hayajarudi.

Wala si sisi peke yetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliwahi kuwakusanya watu zaidi ya mia moja kutoka nchi mbalimbali za Ulaya, wakampa kila mmoja vyombo vichafu vya watu 12 avioshe kwa mikono kama alivyozoea kwao. Wastani ulifika karibu lita 100. Ila watu walipishana mno: vyombo vilevile, huyu anatumia maji kidogo tu, yule anamwaga maradufu na zaidi.

Utaniuliza: kwa nini nisizibe tundu la sinki nikalijaza? Unaweza. Ila sinki la sentimita 40 kwa 35, ukilijaza kina cha sentimita 15 tu, limekunywa lita 21. Na likishajaa, huna tena pa kumwaga chai iliyobaki kikombeni, huna pa kunawa mkono wenye mafuta, na mtoto akileta sahani yenye mchuzi unaishia kuichovya humohumo. Beseni linakuachia nafasi pembeni ya kumwaga uchafu bila kuharibu maji ya sabuni. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa, hata kuliko maji yanayookolewa.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua. Beba futi kamba au hata kipande cha uzi chenye vipimo vya sinki lako. La mstatili linakaa vizuri kuliko la mviringo. Hakikisha pembeni pamebaki nafasi ya vidole vinne au vitano, na kwamba ukingo wa beseni haupiti ukingo wa sinki. Plastiki iwe nene. Yale membamba ya bei ya chee yanajikunja ukiyanyanyua yakiwa na maji, na yote yanaishia miguuni.

Hatua ya 2: Kwangua. Mabaki yote yaende kwenye ndoo ya taka: mifupa ya samaki, majani ya chai, punje za wali. Kikaangio chenye mafuta kifute kwa kipande cha gazeti kwanza. Mafuta yakishuka bombani yakiwa ya moto yanaonekana yamekwenda, kumbe yanaganda mbele ya safari, na ndiyo maana chemba inafurika.

Hatua ya 3: Loweka kinachostahili kulowekwa. Sufuria la ugali lijaze maji liachie pembeni, ukoko utajibandua wenyewe ukishanyonya maji. Chombo cha mayai au maziwa kiloweke kwa maji ya baridi, kwa sababu moto unayagandisha. Lakini usiloweke ndani ya beseni la kuoshea. Nasisitiza, maana wengi wetu hugeuza beseni kuwa bohari la vyombo vichafu tangu asubuhi, kisha jioni tunashangaa harufu.

Hatua ya 4: Maji kwanza, sabuni baadaye. Jaza maji ya uvuguvugu hadi nusu au zaidi kidogo. Kijiko kimoja cha sabuni ya maji kinatosha. Ukimimina sabuni kwanza kisha ukafungulia bomba kwa nguvu, utapata mlima wa povu ambao hausafishi chochote zaidi, na utalipa kwa maji mengi ya kusuuzia.

Hatua ya 5: Anza na visafi. Glasi na vikombe, kisha vijiko, kisha sahani na mabakuli, masufuria, na mwisho kikaangio. Visu usivitumbukize ukaviacha chini ya povu, anayefuata kutia mkono hajui kama vimo. Povu likiisha na mafuta yakaanza kuelea, mwaga ujaze upya. Hapo usibanie maji.

Hatua ya 6: Suuza, anika. Beseni la pili la maji safi, au bomba likitiririka kidogo huku umepanga sahani kadhaa pamoja. Kisha kichanja, vyombo vikiwa vimeinamishwa. Kitambaa kilicholowa tangu mchana kinavirudishia uchafu ulioutoa.

Hatua ya 7: Toa beseni. Hili ndilo sharti langu. Mwaga maji, osha beseni ndani na nje, ligeuze usugue na chini, usugue sinki, kisha lisimamishe wima likauke. Beseni likilala ndani ya sinki usiku kucha, chini yake panajenga utelezi, na mende wamepata maji na chakula. Kama huna nia ya kulitoa kila siku, afadhali usiwe nalo kabisa, uoshe kwa bomba na ulipe bili yako.

Maji ya kusuuzia yasiyo na mafuta yafaa kumwaga chooni au kupigia deki kibarazani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Wawili: Dada, mimi sinki langu ni la matundu mawili. Bado nahitaji beseni?

Hapana. Upande mmoja sabuni, upande mwingine kusuuza. Tafuta vizibo visivyovuja, basi. Labda kama yote mawili ni makubwa sana, hapo beseni dogo upande wa sabuni linapunguza maji.

Binti Pangani: Anti shikamoo. Je, naweza kuoshea kuku kwenye beseni hilohilo kisha nikalisafisha?

Marahaba mwanangu. Hapana, beseni la vyombo liwe la vyombo tu. Kuku mbichi hubeba bakteria waitwao kampilobakta, na maji ya bomba yakimpiga, matone yanaruka hadi kwenye sahani zilizo kando. Ndiyo sababu mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza ilianzisha kampeni mwaka 2014 kuwaambia watu wasioshe kuku mbichi kabisa. Najua kuku uliyemnyonyoa mwenyewe huwezi kumwacha na manyoya na majivu. Basi mwoshee kwenye beseni lake, la rangi tofauti, maji yakiwa tayari ndani na si chini ya bomba linalotiririka, mbali na vyombo.

Mzaramo Ughaibuni: Niko Uingereza. Kila nyumba niliyopanga nimekuta beseni ndani ya sinki, na maji yapo saa 24. Hawa wenzetu wanabana nini?

Kaka, tazama mabomba. Nyumba nyingi za zamani huko zina bomba la moto upande huu na la baridi upande ule, hayakutani. Ya baridi yalitoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, ya moto yalipitia tangi la darini, na hawakutaka maji ya tangi yapate njia ya kurudi kwenye maji ya kunywa. Ukiosha chini ya bomba moja unaungua, chini ya jingine unaganda, kwa hiyo unachanganyia kwenye beseni. Tena masinki ya zamani yalikuwa ya kauri nzito. Kikombe kikikuteleza kinapasuka, na plastiki inakipokea.

Fundi wa Mtaa: Mimi ni fundi bomba. Beseni linanipunguzia kazi, wali haufiki kwenye kona ya bomba. Lakini waambie wasimwage beseni lote na mabaki yake kwa mkupuo.

Asante fundi. Mwageni kupitia chujio la sinki, kinachobaki kiende kwenye taka.

Neema K.: Beseni langu limegeuka njano na linanuka. Nitie jiki?

Lioshe kwanza kwa sabuni na maji ya moto, kisha kijiko kimoja cha chakula cha jiki kwa lita 4 za maji, liache dakika chache, suuza vizuri. Usichanganye jiki na siki, ndimu wala dawa nyingine ya choo, hutoka hewa ya sumu. Na usitie masufuria ya alumini humo, jiki inayala. Kama lina mikwaruzo mingi, harufu itarudi tu. Nunua jingine.

Baba Jordan: Dada wa kazi halitaki beseni, anasema linamuumiza mgongo. Mimi nadhani ni uvivu.

Shemeji, simama wewe pale uoshe vyombo vya usiku mmoja kwanza. Sinki likiwa na kina kirefu, beseni linakaa chini na mtu anainama muda wote. Weka kitu imara chini yake, hata beseni kuukuu dogo lililopinduliwa, mradi tundu lisizibwe na beseni lisiyumbe. Akiendelea kutolitaka, punguza ile koki ndogo iliyo chini ya sinki ili bomba litoe taratibu.