Chalii analia asubuhi? Zima sabufa, muimbie mwenyewe

Mimi si mwanamuziki, kanisani walishaniambia kistaarabu nikae viti vya nyuma, ila nina chalii wa miaka 3 na nusu na mama yake anatoka hapa Kijenge, Arusha, saa kumi na moja alfajiri kuwahi mzigo soko la Kilombero, kwa hiyo mtoto akiamka anakuta mama hayupo na kilio kinaanzia hapo. Mwanzoni nilikuwa nawasha sabufa, kumbe naharibu, mtoto anaziba masikio na kulia zaidi, mpaka bibi mmoja jirani akaniita dirishani, "we baba, zima hilo lidude umuimbie wewe!" Basi ndo nikaanza kujifunza, na hivi ndo navyofanya.

Usianze na wimbo wa kulalia wakati mtoto anarusha mateke, nilikosea sana hapo. Anzia pale alipo yeye. Akiwa amechachamaa, we imba kwa nguvu kidogo na haraka haraka, piga mapaja yako au ndoo kufuata mwendo wake, akishageuka kukuangalia ndo unaanza kushusha, sauti kidogo, mwendo kidogo, kila mkirudia unapunguza tena mpaka mnabaki mnaguna tu mmh mmh. Kwangu inachukua dakika nne tano, siku mbaya hata kumi. Wataalamu wa tiba ya muziki nao wanaenda hivyo hivyo, wanaanzia kwenye hali aliyonayo mtu ndo wanamshusha taratibu.

Maneno tunga mwenyewe, hakuna mtu atakuja kukusahihisha. Mimi naimba kinachoendelea: mama kaenda soko, jioni anarudi, saa hizi tunavaa soksi, ya kushoto iko wapi. Ila usimdanganye ndani ya wimbo! Kama mama anarudi jioni imba jioni, ukiimba "sasa hivi" kesho wimbo wako hauna kazi tena. Na hasira nazo ziimbeni. Tuna ka wimbo ketu "nimekasirika nakanyaga puu puu", tunakanyaga kweli, mpaka majirani wa upande wa pili wanajua leo kumewaka. Zamani alikuwa anang'ata, siku hizi mara nyingi anakuja kuniambia baba nimekasirika. Si kila siku lakini, juzi kaning'ata.

Kuna utafiti wa chuo kikuu cha Montreal kule Kanada, 2015, waliwasikilizisha watoto wa miezi 6 mpaka 9 nyimbo za Kituruki ambazo hawajawahi kuzisikia, wakakaa kama dakika 9 kabla ya kuanza kulalamika, wakati kwa maneno matupu hata yale ya kubembeleza ilikuwa kama dakika 4 tu. Ndo maana bibi yule akimuimbia wangu kwa Kimeru anatulia wakati haelewi hata neno moja. Na zile nyimbo za utafiti zilikuwa za kurekodi, kwa hiyo siwezi kusema redio haina kazi kabisa, ila redio haioni kwamba mtoto ameshachoka au ameanza kucheka, wewe unaona.

Jumamosi watoto wa jirani wakija tunatengeneza kayamba. Chupa ya maji ya nusu lita, ikauke kabisa ndani la sivyo mahindi yanaota ukungu, unatia mahindi kiganja kimoja, kifuniko unakaza kwa nguvu zako zote halafu unazungushia selotepu raundi tatu nne, maana punje ikitoka inaishia puani au kooni, sitanii. Halafu mmoja anaongoza wengine wanafuata, akisimama wote wanasimama. Hiyo ya kusimama ndo tamu, yule anayerukaruka muda wote anajifunza kujizuia bila kugombezwa.

Usiku sisi ni wimbo uleule mmoja, taa imezimwa, simu iko mbali. Utauchoka wewe kabla yake, vumilia, yeye anachotaka ni kujua kinachofuata.

Ila kama mtoto hageuki ukimwita, au maneno aliyokuwa nayo yamepotea, au wiki zinapita halali wala hataki kucheza, hapo mpeleke hospitali akaangaliwe, nyimbo endelea nazo hukohuko kwenye foleni.

Na siku nyingine hataki. Wiki iliyopita tuko kwenye kifodi naanza kuguna kaniziba mdomo kwa mkono, "baba nyamaza". Nikanyamaza, abiria wakacheka, tukashuka Sakina kimya kimya tumeshikana mikono.