Kufunga hesabu za mwaka za bima ya afya: anza na madai

Wahasibu wengi huanza na ada wanazolipa wanachama, kwa kuwa tayari zimo kwenye mfumo. Mimi huanza na madai, yaani bili za matibabu ambazo bima inapaswa kulipa. Huko ndiko mkaguzi atakakokubana, na ndiko faida ya mwaka mzima inakoweza kuyeyuka.

Hatua ya 1. Shika tarehe ya kufunga. Kampuni binafsi kwa kawaida ni 31 Desemba. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania, kwa kuwa ni wa umma, hufunga 30 Juni na mkaguzi wake ni CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Hatua ya 2. Kadiria madai ambayo hayajafika. Aliyetibiwa Muhimbili au kwenye zahanati ya Mbagala tarehe 20 Desemba ni gharama ya mwaka huu, hata fomu yake ikiletwa Februari. Chora jedwali: kushuka chini ni mwezi wa huduma, kwenda kulia ni miezi iliyopita hadi dai likalipwa. Ukijaza miaka miwili mitatu ya nyuma utaona madai yako huchelewa kiasi gani. Mpe mtakwimu bima (mtaalamu wa kukadiria madai kwa hesabu) jedwali hilo, ila usimwachie kila kitu. Yeye hajui kwamba Novemba mafaili yalirundikana mezani kwa watu wa madai, au kwamba hospitali fulani imepandisha bei. Mwambie.

Kisha toa orodha ya wagonjwa waliokuwa wamelazwa usiku wa 31 Desemba kwa vibali vyako. Bili zao ni kubwa, na ndizo husahaulika.

Linganisha pia na hospitali zenyewe. Moja ikisema inakudai milioni 80 na daftari lako linasema 65, tofauti mara nyingi ni makato, yaani sehemu za bili mlizokataa kulipa, ambayo bado mnabishania. Yachambue dai kwa dai. Na kabla bodi haijasaini, pima makadirio yako kwa malipo halisi ya Januari na Februari.

Hatua ya 3. Ada. Skimu (kundi la wanachama, kama wafanyakazi wa kampuni moja) iliyolipa milioni 120 kwa mwaka unaoanza 1 Oktoba imekupa mapato ya milioni 30 tu kufikia Desemba. Tisini zilizobaki bado ni deni la huduma.

Hatua ya 4. Panga taarifa kwa IFRS 17, kiwango cha kimataifa cha hesabu za bima, iliyochukua nafasi ya IFRS 4 tangu 1 Januari 2023. Mikataba isiyozidi mwaka mmoja inaruhusiwa njia fupi ya kugawa ada. Riba ya hati fungani itenge na matokeo ya bima. Kundi la mikataba likionyesha litaleta hasara, itambue hasara hiyo sasa hivi. Watu wa mauzo waliomshushia bei mteja mkubwa hawatafurahi, lakini ndivyo ilivyo.

Hatua ya 5. Hesabu zilizokaguliwa huenda TIRA, msimamizi wa bima Tanzania, chini ya Sheria ya Bima ya 2009, na ritani ya kodi huenda TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha. Andaa karatasi moja inayoeleza kila tofauti kati ya takwimu za TIRA, za TRA na za mkaguzi, uiweke kwenye faili kabla hujaulizwa.