Ziwa moja, maua yaleyale: namna ya kulinganisha waandishi wawili wa mazingira

Katika insha za wanafunzi wangu hukuta sentensi hii kila muhula: "Mwandishi wa kwanza ametumia tashbihi, wa pili ametumia tashihisi." Basi, aya imekwisha. Tumetajiwa zana, yaani kufananisha vitu na kukipa kitu tabia za mtu, lakini kila mmoja aliona nini? Njia ninayoitumia darasani ni hii, kwa mfano ninaoupenda kuliko yote.

Hatua ya 1: Tafuta matini mbili zinazotazama kitu kimoja

Tarehe 15 Aprili 1802, Dorothy Wordsworth na kaka yake William, mshairi wa Kiingereza, walikuwa wakitembea kando ya ziwa Ullswater, kaskazini mwa Uingereza, wakakuta dafodili, maua ya manjano, yamechanua ufukoni. Dorothy aliyaandika katika shajara yake. William alitunga shairi mwaka 1804, akalichapisha 1807, kisha 1815 akalirekebisha na kuliongezea ubeti. Mandhari ni ileile, kwa hiyo tofauti nyingi utakazoziona zimetoka kwa waandishi wenyewe.

Hatua ya 2: Uliza nani yupo

Pigia mstari maneno ya nafsi. Dorothy anasimulia matembezi ya "sisi". William anasema "mimi", mpweke kama wingu. Dada yake hayumo kabisa.

Hatua ya 3: Panga vitenzi katika safu mbili

Hapa usiwe na haraka. Kwa Dorothy, maua yanarusha vichwa, yanayumba, yanacheza, kama kwamba yanacheka na upepo. Lakini mengine yamelaza vichwa juu ya mawe, kama mtu aliyechoka anavyolalia mto. Kwa William yote yanacheza, hakuna lililochoka. Tazama na upepo: katika shajara ni mkali hata wakafikiri kurudi, katika shairi ni upepo mwanana.

Wanafunzi wengi hurukia kusema kwamba William ametia chumvi. Kwanza jiulize shairi linataka nini. Mwishoni msemaji amejilaza kwake, maua yanamrudia akilini na moyo unacheza nayo. Ua lililochoka lisingeweza kuifanya kazi hiyo. Hata hivyo naona shairi limepata hasara, kwa sababu lile ua lililolala juu ya jiwe ndilo linalonifanya niamini kwamba mtu alisimama pale akatazama.

Ukisoma tafsiri, hakikisha vitenzi kwenye matini asilia, maana wafasiri huvibadilisha upesi.

Hatua ya 4: Angalia vipimo na mpangilio

Dorothy anaanza na maua machache karibu na maji, wanawaza kwamba labda ziwa ndilo lililosukuma mbegu ufukoni. Wakisonga mbele yanaongezeka, hadi unakuwa ukanda mrefu wenye upana wa barabara. Hicho ni kipimo cha mtu anayetembea. William anayaona ghafla, kundi zima. Anataja elfu kumi, na katika ubeti wa 1815 anayafananisha na nyota.

Kama kuna matoleo mawili, yalinganishe pia. Katika ubeti wa kwanza wa 1807 dafodili "zinacheza", mwaka 1815 zimekuwa "za dhahabu". Kitenzi kimeipisha rangi.

Hatua ya 5: Andika dai lako kwa sentensi moja

Kwa mfano: "Dorothy anayafuata maua kadiri yanavyomjia njiani, pamoja na yale yaliyochoka, William anachagua yale tu yatakayomfaa baadaye akiwa peke yake." Kisha kila aya iwataje wote wawili juu ya jambo moja: upepo, idadi, nafsi. Ukijaza ukurasa mzima wa Dorothy halafu ukurasa wa William, umeandika insha mbili.

Mwisho, funika majina yao katika rasimu yako, mpe mwenzako asome, akuambie nani ni nani. Akishindwa, rudi kwenye zile safu za vitenzi.