Gari la Dizeli au la Petroli: Namna ya Kulinganisha Kabla ya Kununua

Anayetaka kununua gari jipya huulizwa mapema kama anapendelea la dizeli au la petroli, na wengi hujibu kwa kutazama jambo moja tu, yaani bei ya lita kwenye kituo cha mafuta. Kigezo hicho hakitoshi hata kidogo. Kinachopaswa kutangulia ni safari zenyewe: gari litatembea kilomita ngapi kwa mwaka, safari ya kawaida ina urefu gani, na mzigo utakaobebwa au kuvutwa ni wa uzito gani. Kwa hiyo, kabla hujaenda kuonyeshwa gari lolote, tumia wiki mbili kuandika urefu wa kila safari unayofanya na dakika ambazo injini inakaa ikiwaka bila kuzimwa. Orodha hiyo itakufaa kuliko maelezo ya tangazo lolote, maana gari lililo bora kwa jirani yako mwenye safari ndefu za barabara kuu linaweza kuwa mzigo kwako usiyevuka mipaka ya mji.

Tofauti karibu zote kati ya magari haya zinatokana na namna mafuta yanavyowashwa ndani ya silinda. Katika injini ya petroli, mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa hadi takriban sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, kisha plagi hutoa cheche inayouwasha. Injini ya dizeli, ambayo mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel aliifanikisha mwaka 1897, haihitaji cheche: hewa peke yake hubanwa hadi kati ya sehemu moja ya 15 na moja ya 20 ya ujazo wake, ikapata joto la kutosha kuwasha dizeli inayopulizwa na nozeli. Ubanaji huo mkubwa ndio unaoiwezesha injini kupata kazi nyingi zaidi kutokana na mafuta yanayoungua. Lakini ndio pia unaolazimisha injini iundwe kwa vipuri vizito na imara zaidi, na pamoja na pampu ya shinikizo kubwa, tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) na mitambo ya kusafisha moshi, gari la dizeli huwa ghali kuliko lile la petroli la muundo huohuo.

Je, mafuta yanayookolewa yatairudisha tofauti hiyo ya bei? Hapa usikisie, piga hesabu. Gari la dizeli kwa kawaida hutumia lita pungufu kwa asilimia 20 hadi 30, ingawa sehemu ya faida hiyo inatokana tu na ukweli kwamba lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa takriban asilimia 10 hadi 15. Chukua mfano wa gari la petroli linalotumia lita 7.5 kwa kilomita 100 na ndugu yake wa dizeli anayetumia lita 5.8. Anayetembea kilomita 20,000 kwa mwaka atatumia lita 1,500 za petroli au 1,160 za dizeli, hivyo ataokoa lita 340. Anayetembea kilomita 8,000 ataokoa lita 136 tu. Sasa igeuze tofauti ya bei ya magari hayo mawili kuwa lita za mafuta. Ikiwa inatosha kununua lita 1,700, mtu wa kwanza atarudisha fedha yake baada ya miaka 5, ilhali wa pili atasubiri zaidi ya miaka 12, na huenda atakuwa amekwisha kuliuza gari. Mfano huu umechukulia kwamba lita za aina zote mbili zina bei moja. Zinapotofautiana, zidisha kila kiasi kwa bei yake kabla ya kutoa. Ongeza pia ushuru wa barabara, bima na sevisi, kwa kuwa vyote hivyo vinaweza kutofautiana kulingana na aina ya mafuta.

Takwimu za ulaji wa mafuta zinazotolewa na watengenezaji hupimwa kwenye maabara kwa utaratibu maalumu, na barabarani gari hula zaidi. Zitumie kulinganisha gari na gari, mradi yote mawili yamepimwa kwa utaratibu mmoja, lakini usizitumie kama ahadi.

Hata hesabu ikikubali, bado kuna jambo moja ambalo wauzaji hulitaja kwa haraka mno, nami naliona kuwa ndilo zito kuliko yote: chujio la masizi. Magari mapya ya dizeli yaliyoundwa kufuata viwango vikali vya moshi huwa na chujio ndani ya bomba la ekzosi, linalonasa chembe nyeusi zisitoke nje. Chujio hilo likijaa hujisafisha kwa kuyaunguza masizi, na kazi hiyo inahitaji joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi ndani ya bomba. Joto hilo hupatikana na kudumu gari linapokwenda kwa mwendo wa wastani usiokatizwa, kwa kawaida dakika 10 hadi 20, injini ikiwa imekwisha kupata moto. Mtu anayempeleka mtoto shuleni kilomita tatu, akazima gari, kisha akaenda sokoni na kurudi, hulikatiza zoezi hilo kila mara. Masizi huongezeka, taa ya onyo huwaka kwenye dashibodi, na dizeli ya ziada iliyopulizwa kwa ajili ya kuunguza huweza kuchuruzika hadi kwenye oili ya injini na kuifanya nyepesi kupita kiasi. Mwishowe chujio huziba kabisa na kubadilishwa kwa gharama kubwa. Kwa hiyo ikiwa orodha yako ya wiki mbili imejaa safari fupi na haina walau safari moja ndefu kwa wiki, ushauri wangu ni kuliacha gari la dizeli, hata kama lita yake ni nafuu.

Pamoja na chujio, magari mengi ya dizeli ya sasa yana tangi dogo la maji ya yurea, yanayopulizwa kwenye moshi ili kupunguza oksidi za nitrojeni, ambazo ni gesi zenye madhara. Uliza tangi hilo hudumu kilomita ngapi na maji hayo yanapatikana wapi, maana yakiisha, magari mengi hukataa kuwaka tena baada ya kuzimwa. Uliza vilevile kuhusu salfa iliyomo katika dizeli unayoweza kuipata. Mitambo ya kisasa ya kusafisha moshi imebuniwa kwa dizeli yenye salfa kidogo sana, na katika Umoja wa Ulaya kikomo kimekuwa sehemu 10 kwa milioni tangu mwaka 2009. Ukiishi mahali ambapo dizeli ina salfa nyingi, soma kitabu cha mmiliki uone kama gari linaikubali, kwa sababu dhamana ya mtengenezaji inaweza kukataliwa.

Injini ya petroli nayo si sahili kama zamani. Nyingi sasa hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda na zina tabo, baadhi zikiwa na chujio la chembe pia, ila moshi wake una joto zaidi na chujio hujisafisha kwa urahisi. Kwa safari fupi hupata moto haraka na huvumilia kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara. Anayezunguka mjini pekee afikirie pia gari la haibridi la petroli, yaani lenye injini na mota ya umeme, ambalo huokoa mafuta kwenye foleni, mahali ambapo dizeli haina faida kubwa.

Dizeli inashinda waziwazi kwenye mzigo. Nguvu yake ya kuvuta hufikia kilele mapema, mara nyingi injini ikiwa kati ya mizunguko 1,500 na 2,500 kwa dakika, kwa hiyo gari lililojaa abiria au linalovuta tela hupanda mlima bila injini kupiga kelele na bila dereva kushusha gea kila mara. Anayevuta tela au mashua mara kwa mara ana sababu nzuri ya kuichagua, na pia anayetembea umbali mrefu kila siku. Unapojaribu gari, omba upitie barabara yenye mlima na sehemu ya mwendo wa kasi, tena ukiwa na watu wa kukaa katika viti vyote, kwani mzunguko mfupi mbele ya duka la magari hauonyeshi tofauti hii. Sikiliza pia mlio na mtetemo wakati injini imewaka gari likiwa limesimama.

Kuhusu hewa, haitoshi kulinganisha lita. Lita ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksaidi, na ya dizeli takriban kilo 2.6, kwa hiyo faida ya dizeli kwa kila kilomita ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka moshi wa dizeli mwaka 2012 katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, na mwaka 2015 Volkswagen ilikiri kwamba takriban magari milioni 11 yalikuwa na programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Tangu hapo miji kadhaa imekaza masharti. Ukanda wa hewa safi wa London, ulioanza mwaka 2019, unalitaka gari la dizeli litimize Euro 6 ili lisitozwe, ilhali la petroli linatosha kuwa Euro 4 (hivi ni viwango vya moshi vya Ulaya, na namba kubwa ni masharti makali zaidi). Chunguza kama mji unaoingia mara kwa mara una sheria kama hiyo au inakuja, maana itagusa pia bei ya gari siku utakapoliuza.

Ukifika hatua ya kusaini, mwombe muuzaji akupe kwa maandishi mambo matatu: chujio la masizi linafunikwa na dhamana kwa muda gani na kwa masharti yapi, aina ya oili inayotakiwa na kilomita za kubadilisha, na bei za nozeli na tabo zikiharibika nje ya dhamana. Kama familia yako itakuwa na magari ya aina zote mbili, bandika alama kubwa kwenye mfuniko wa tangi. Petroli ikiingia katika gari la dizeli huondoa ulainisho ambao pampu inaupata kutoka kwenye dizeli yenyewe, na vyuma huanza kusagana. Jambo hilo likitokea, usiwashe injini wala usifungue swichi. Gari lisukumwe kando na tangi limwagwe kwanza.