Jinsi ya kupima mgogoro wa mpaka wa baharini kwenye chati

Taarifa ikisema "meli za jirani zimeingia katika maji yetu", swali la kwanza ni: maji yapi? Kati ya ufukwe na bahari kuu kuna kanda kadhaa, na kila moja ina haki zake. Meli ya kigeni inayopita tu maili 60 kutoka pwani haijamkosea mtu. Ikianza kuvua hapohapo, imekosa. Ikivua mahali ambapo nchi mbili zote zinadai ni pao, hapo ndipo mgogoro ulipo, na ndipo watu wanapokamatwa na vyombo kuzamishwa.

Mwongozo huu ni wa mwandishi wa habari, mwanafunzi, kiongozi wa wavuvi, au yeyote anayetaka kujua wenyewe wanagombania nini hasa. Fuata mpangilio: nchi kavu kwanza, kisha mstari wa msingi, kisha hadhi ya visiwa na miamba, ndipo mstari wa mpaka. Ukiruka hatua utajikuta unabishana kuhusu mstari kumbe ugomvi ni wa jiwe.

Vifaa

Tafuta chati ya baharini, ile wanayotumia manahodha, maana ramani ya kawaida haionyeshi kina wala miamba inayoibuka maji yakipwa. Unahitaji mbili: moja yenye vipimo vikubwa kwa ajili ya pwani, na nyingine inayoonyesha bahari yote hadi maili 200. Ongeza bikari, rula na penseli. Anayetumia kompyuta ataweza kufanya yote kwa programu ya QGIS, ambayo haina malipo.

Maili moja ya baharini ni mita 1,852, na kwa kazi ya penseli hiyo ni sawa na dakika moja ya latitudo. Kwa hiyo fungua bikari kwenye ukingo wa pembeni wa chati, usawa wa mahali unapopima. Usipime kamwe kwenye ukingo wa chini, wenye longitudo: karibu na ikweta kosa halitaonekana, lakini ukiwa latitudo ya nyuzi 60 dakika ya longitudo ni nusu tu ya maili.

Kosa jingine huingia kimya: chati za zamani hazitumii mfumo uleule wa vipimo vya dunia ambao simu na GPS zinatumia, yaani WGS84. Nukta moja inaweza kuhama mamia ya mita. Soma maandishi madogo chini ya jina la chati kabla hujaweka nukta hata moja.

Nchi kavu ni ya nani?

Bahari hufuata ardhi. Asiye na pwani hana maji ya kudai, na kisiwa kisichojulikana ni cha nani hakiwezi kuchorewa mpaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliopitishwa mwaka 1982 na kuanza kutumika tarehe 16 Novemba 1994, hausemi kisiwa ni cha nani. Unasema tu mwenye kisiwa anapata nini. Ndiyo maana katika kesi ya Ufilipino dhidi ya China, jopo la usuluhishi lilitoa uamuzi mrefu tarehe 12 Julai 2016 bila kutaja mwenye Scarborough Shoal, mwamba unaogombaniwa na nchi hizo mbili katika Bahari ya China Kusini. Halikuwa na mamlaka hayo. Anayekuambia uamuzi ule uliipa Ufilipino mwamba huo, hajausoma.

Pale nchi mbili zinapopakana ufukweni, tafuta nguzo ya mwisho ya mpaka wa nchi kavu. Kati ya Kenya na Somalia ni nguzo kuu namba 29, iliyotokana na makubaliano ya Uingereza na Italia wakati wa ukoloni. Kutoka hapo mstari ulishuka hadi maji yanapofika yakipwa, ukiwa kwa pembe mraba na uelekeo wa pwani. Nukta hiyo ya majini, takriban 1°39′ kusini, ndiyo mwanzo wa mpaka wa bahari.

Mstari wa msingi

Kanda zote hupimwa kutoka mstari huu. Kwa kawaida ni ufukwe wakati maji yamekupwa, kama unavyoonyeshwa kwenye chati rasmi ya nchi husika. Pwani ya kisiwa ikiwa na mwamba wa matumbawe unaoizunguka, unahesabu ukingo wa nje wa mwamba.

Baadhi ya nchi huchora mistari iliyonyooka kutoka rasi hadi rasi au kisiwa hadi kisiwa. Sheria inaruhusu pale pwani ilipokatikakatika sana au ina visiwa vingi vilivyo karibu nayo. Hapa kuna udanganyifu mwingi, na ni udanganyifu wa faida: ukisogeza mstari wa msingi maili 10 mbele, kanda zako zote zinasogea nazo. Kwa hiyo jiulize kama pwani hiyo kweli imekatika, au ni ufukwe laini uliofungiwa maji kwa penseli.

Ghuba ina kipimo chake. Mdomo usizidi maili 24, na maji yaliyo ndani yawe angalau sawa na eneo la nusu duara ambayo kipenyo chake ni upana wa mdomo. Mdomo wa maili 20 unadai maji yasiyopungua maili za mraba 157. Pungufu ya hapo, hiyo si ghuba kisheria. Ni kona tu ya pwani.

Kisiwa, jabali au kipwa

Migogoro mingi mikali ya leo imejificha hapa, kwa hiyo usiharakishe.

Kitu kinachobaki juu ya maji yakiwa yamejaa, na ambacho hakikutengenezwa na binadamu, ni kisiwa, hata kiwe kidogo namna gani. Lakini kisiwa kisichoweza kuhimili makazi ya watu wala uchumi wake chenyewe kinahesabiwa kuwa jabali, na jabali linapata maili 12 tu. Kipwa, yaani kile kinachoibuka maji yakipwa na kuzama yakijaa, hakipati chochote peke yake. Kikiwa ndani ya maili 12 za nchi kavu kinaweza kutumika kusogeza mstari wa msingi; kikiwa mbali zaidi ni sehemu tu ya sakafu ya bahari.

Piga hesabu uone kwa nini watu wanapigania mawe. Jabali lililo peke yake, kwa duara la maili 12, linatoa kama kilomita za mraba 1,550. Kisiwa kamili kilicho peke yake, kwa duara la maili 200, kinatoa kama 431,000. Jiwe ni lilelile. Kilichobadilika ni neno linaloitwa nalo, na tofauti inazidi mara 270.

Kumwaga zege juu yake hakubadilishi hadhi. Jopo la 2016 lilipima kila kitu katika hali yake ya asili: Mischief Reef, ambako China imejenga uwanja wa ndege, ilibaki kipwa ndani ya ukanda wa uchumi wa Ufilipino (maji ya hadi maili 200, yanayoelezwa hapa chini), na Itu Aba, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya asili katika kundi la Spratly la bahari hiyohiyo, kikahesabiwa jabali. China haikushiriki kesi hiyo na inaukataa uamuzi wake. Ukisoma habari za meli kumwagiana maji kwa mabomba huko Second Thomas Shoal, kumbuka kwamba pale napo ni kipwa.

Kanda zenyewe

Kutoka mstari wa msingi hadi maili 12 ni maji ya kitaifa: nchi ina mamlaka kamili, ila meli za wengine zina haki ya kupita bila madhara. Hadi maili 24 nchi inaweza kuzuia makosa ya forodha, kodi, uhamiaji na afya. Hadi 200 ni ukanda wa uchumi, ambako mwenye pwani ana haki ya samaki, mafuta na gesi, lakini wengine wanapita watakavyo. Haki ya sakafu ya bahari, inayoitwa rafu ya bara, inaweza kuendelea hadi 350, na mahali pengine zaidi, kama jiolojia inakubali na Tume ya Umoja wa Mataifa ya rafu ya bara imepitia ushahidi.

Pwani mbili zinazotazamana zikiwa na umbali wa chini ya maili 400, kanda zao za uchumi lazima zigongane. Umbali ukiwa 300, maili 100 za katikati zinadaiwa na wote wawili.

Kuchora mstari wa kati

Weka nukta za msingi kwenye pwani ya kila nchi: rasi, ncha za miamba, kona zinazotokeza. Anzia mwisho wa mpaka wa nchi kavu. Chukua nukta iliyo karibu zaidi upande wa A na ile ya upande wa B, ziunganishe, kisha chora mstari unaokata muunganiko huo katikati kwa pembe mraba. Fuata mstari huo kuelekea baharini huku ukipima kila baada ya maili chache. Itafika mahali nukta ya tatu inakuwa karibu sawasawa na zile mbili. Hapo mstari unageuka: iache nukta iliyopitwa, shika mpya, endelea.

Ukiona mstari wako umenyooka maili 100 bila kona wakati pwani ina rasi nyingi, umeruka nukta. Ukiona kona moja kali inayosababishwa na kijisiwa kimoja, weka alama hapo. Mahakama nayo itakitilia shaka kijisiwa hicho.

Kutoka mstari wa kati hadi hukumu

Kwa maji ya kitaifa, mstari wa kati ndio kanuni isipokuwa kuna hali maalumu. Kwa ukanda wa uchumi na rafu ya bara, mkataba unataka tu "suluhisho la haki", na mahakama zimejaza pengo kwa hatua tatu: chora mstari wa muda wa masafa sawa (ndio mstari wa kati wa hapo juu), uusogeze kama kuna sababu, kisha pima kama matokeo yana upotovu mkubwa ukilinganisha urefu wa pwani na ukubwa wa maji.

Kesi ya Bahari Nyeusi kati ya Romania na Ukraine, iliyoamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2009, ndiyo mfano safi. Kisiwa cha Nyoka cha Ukraine hakikupewa uzito wowote zaidi ya maili zake 12. Upande wa Romania, gati refu la Sulina lililoingia baharini kilomita 7.5 lilikataliwa nalo: Mahakama ilitumia mwisho wake wa nchi kavu. Pwani zilikuwa kwa uwiano wa 1 kwa 2.8, maji 1 kwa 2.1. Hakuna kilichosogezwa tena.

Kenya na Somalia inafundisha hatua ya pili. Kenya ilidai mpaka ufuate latitudo, mashariki moja kwa moja, yaani nyuzi 90 zikihesabiwa kutoka kaskazini, ikisema Somalia ilikuwa imenyamaza tangu tangazo la Kenya la 1979. Somalia ilidai masafa sawa, mstari unaoshuka kusini zaidi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, tarehe 12 Oktoba 2021, ilikataa hoja ya ukimya kwa kuwa haukuthibitika. Katika maji ya kitaifa ilipuuza vijisiwa vidogo vya Diua Damasciaca. Nje ya hapo iliona Kenya inabanwa kati ya Somalia na Tanzania, yenye Pemba, ikausogeza mstari kaskazini hadi uelekeo wa nyuzi 114. Kisha ikapima: pwani 1 kwa 1.43 kwa faida ya Somalia, maji 1 kwa 1.30 kwa faida ya Kenya. Mahakama haikuona upotovu mkubwa. Kenya ilitangaza kuwa haiutambui uamuzi huo.

Chora mistari hiyo mitatu kwenye chati moja, nyuzi 90, 114 na ule wa masafa sawa, na utaelewa kesi nzima kuliko kwa kusoma maoni ya wiki nzima.

Kupima joto la mgogoro

Panga matukio kwa tarehe, yasichanganyike. Barua ya malalamiko ya kibalozi ni jambo la kawaida, tena la lazima: asiyelalamika anaweza kuambiwa baadaye kwamba alikubali. Kutoa leseni ya kitalu cha mafuta katika eneo linalogombaniwa ni hatua nzito zaidi. Mwezi Februari 2019 Kenya ilimwita nyumbani balozi wake kutoka Mogadishu kwa tuhuma kwamba vitalu vya eneo hilo vilikuwa vimenadiwa London. Kuchimba kisima ni zaidi ya hapo, kwa sababu sakafu ikishatobolewa hairudi ilivyokuwa. Mwaka 2015 Ghana iliamriwa isianze visima vipya wakati kesi yake na Côte d'Ivoire ikiendelea.

Kutuma manowari ni kosa lenye jina. Mwezi Juni 2000 vyombo vya Suriname viliamuru mtambo wa kuchimba uliokuwa na leseni ya Guyana uondoke, na mwaka 2007 jopo la usuluhishi likaita tendo hilo tishio la nguvu. Jopo hilohilo lilizilaumu nchi zote mbili kwa kutojitahidi kufikia mpango wa muda, jambo ambalo vifungu vya 74 na 83 vya Mkataba wa Sheria ya Bahari vinadai.

Panapokuwa hakuna mpaka uliokubaliwa, chora madai yote mawili na utie kivuli eneo la katikati. Chati hiyo yenye kivuli ndiyo inayomfaa mvuvi, kwa kuwa humo doria ya upande wowote inaweza kumkamata kwa sheria yake. Akikamatwa kwa kosa la uvuvi katika ukanda wa uchumi, kifungu cha 73 cha mkataba huo kinataka chombo na mabaharia waachiliwe haraka dhamana ikiwekwa, na kinakataza kifungo isipokuwa nchi hizo zimekubaliana hivyo. Andika tarehe, saa na nukta ya GPS ya mahali alipokamatwa, na uifikishe kwa serikali ya bendera ya chombo mapema. Zikipita siku 10 bila kuachiliwa wala makubaliano ya mahakama ipi isikilize shauri, na nchi zote mbili zikiwa wanachama wa mkataba, ni serikali hiyo pekee, au aliyepewa idhini nayo, inayoweza kupeleka ombi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, Hamburg.